Uokoaji kwa Mujibu wa Ratiba

Wiki iliyopita tulimwacha Kimya katikati ya jukwaa, ufagio mkononi, mdomo wazi.

Msichana huyu alikuwa na wiki tatu ndani ya Kituo cha kuwatunza wasichana waliookolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa miili ya watu, na kwa wiki zote hizo hakuwa amesema hata "ahsante." Ndiyo maana wakamwita Kimya. Kwenye igizo la Siku ya Uokoaji walimpa nafasi ya kufagia tu, kwa kuwa anayefagia hahitaji kusema.

Na hapo ndipo alipoutupa ufagio, akapaza sauti mbele ya wageni mia mbili:

"Mdogo wangu yuko kwa Shangazi! Nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya kiwanda cha magodoro! Leo saa nane mchana wanampakia garini wamvushe mpaka. Akivuka ndiyo basi tena. Nisaidieni!"

Mtu mmoja aliyekuwa akifungua chupa ya maji aliacha kuifungua.

Kisha wakapiga makofi.

Tena si makofi ya adabu. Walipiga mpaka vitambaa vyeupe vilivyofungwa kwenye viti vya plastiki vikalegea. Mgeni Rasmi, bwana mkubwa mwenye suti ya kijivu na tumbo lililotangulia mbele yake nusu hatua, alitoa leso akajifuta machozi.

"Huyu mtoto ana kipaji!" alimwambia jirani yake. "Hebu ona midomo inavyotetemeka. Kitu kama hicho hakifundishwi."

"Siigizi!" akapiga kelele Kimya. "Ni kweli! Saa nane!"

Makofi yakaongezeka.

"Jamani, jamani, jamani!" alidakia Mshereheshaji, kijana wa tai nyekundu aliyekimeza kipaza sauti karibu chote. "Anasema haigizi! Hapo ndipo unapojua kwamba anaigiza! Mpeni ya mwisho, wale wa nyuma siwasikii!"

Wa nyuma wakasikika.

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

Mkurugenzi wa Kituo alimvuta Kimya nyuma ya pazia. Alikuwa mama mrefu, beji tatu kifuani, na zote zilikuwa na jina lake.

"Mwanangu, umezungumza!" alisema, akamkumbatia. Kisha akamwachia ghafla. "Lakini ile sentensi haikuwemo kwenye igizo. Nani aliiongeza?"

"Mama, dobi kaniambia asubuhi. Yule anayefua vitambaa vyetu vya meza ndiye anayefua shuka za Shangazi, yule aliyekuwa akituuza. Kamwona mdogo wangu kwa macho yake."

"Tangu lini yuko huko?"

"Siku tano. Walimfuata nyumbani kwa kuwa mimi nilitoroka. Shangazi aliniapia, ukifungua mdomo wako mdogo wako atakalia nafasi yako. Ndiyo nikaufunga, mama. Wiki tatu nimeufunga. Na bado wamemchukua."

Mkurugenzi alimsikiliza kwa makini sana, kichwa kimeinama upande, kama walivyofundishwa kwenye semina ya kusikiliza.

"Pole sana. Sasa, taarifa za uokoaji tunazipokea Jumatatu na Alhamisi. Leo Jumatano."

"Leo saa nane anaondoka!"

"Ndiyo, lakini leo ni Siku ya Uokoaji, mwanangu. Wafanyakazi wote wako kwenye sherehe. Tukianza kuokoa leo, nani atawahudumia wageni? Wewe kesho asubuhi njoo ofisini, utajaza fomu ya kijani. Na nitakuandika kwenye ripoti kwamba umepona, umeanza kusema."

Kimya hakubishana. Aligeuka, akashuka ngazi za jukwaa mbili mbili, akamwendea Afande.

Afande alikuwa mkuu wa dawati la polisi linaloshughulikia wanawake na watoto. Alikaa safu ya mbele, viatu vimeng'aa, akila korosho moja baada ya nyingine. Alimsikiliza msichana huku akitafuna. Aliposikia "geti la bluu" aliacha kutafuna. Kisha akaendelea.

"Binti, kazi yetu si kama unavyoiona kwenye sinema. Gari halina mafuta."

"Lile la nje lililokuleta?"

"Lile ni la msafara. Mafuta yake ni ya msafara. Kaa utulie, utaharibu sherehe ya watu."

Saa sita na dakika thelathini na tano.

Jikoni kulikuwa na moto, mvuke, sufuria nne ambazo mtu mzima angeweza kuogea, na Mama Mpishi. Mama huyu alikuwa akipika hapo Kituoni mwaka wa tisa sasa, na kwa miaka yote tisa alikuwa ndiye mtu pekee aliyewajua wasichana kwa sura na kwa wanachopenda kula, wala si kwa namba za mafaili. Kimya alipoingia akaanguka juu ya gunia la vitunguu, Mama Mpishi alizima jiko moja ndipo akasema.

"Haya. Lia dakika moja, halafu nieleze."

Kimya hakulia. Alieleza.

Pembeni, nyuma ya kabati la vyombo, alikuwepo mtu wa tatu, amejificha na paja la kuku: Karani wa Kituo, mwanamke mwembamba wa miwani, aliyekuwa hajala tangu jana kwa ajili ya kuchapa karatasi za sherehe. Kwa kusikia habari ile alisahau kwamba amejificha.

"Mungu wangu! Na watu wote wanaohitajika wako pale ukumbini! Polisi yupo, mkubwa wa serikali yupo, mwandishi wa gazeti yupo, basi lipo!"

"Wapo kama picha ukutani," akasema Mama Mpishi. "Na hilo paja ni la meza kuu."

"Samahani, mama."

"Malizia tu, umeshaling'ata. Sasa niambie wewe unayekaa nao ofisini. Watu wale, mtu akilia hawaendi. Akipiga kelele wanapiga makofi. Kuna kitu gani duniani kinachowainua kwenye viti?"

Karani alifikiri huku akitafuna. Kisha macho yake yakatanuka nyuma ya miwani.

"Ratiba."

"Ratiba ipi?"

"Ile karatasi ya mpangilio wa sherehe. Mama, hukuona asubuhi? Nilikosea kuchapa. Nilitaka kuandika kwamba wageni wasimame kwa dakika moja ya ukimya, halafu wanywe chai. Mistari ikaingiliana, ikatoka: wageni kunywa chai kwa ukimya wakiwa wamesimama."

"Kumbe!" Mama Mpishi alijishika kiuno. "Nikasema hawa wamefiwa? Mia mbili wamesimama na vikombe, hakuna anayekohoa, hata yule mgeni mwenye goti bovu!"

"Hakuna aliyeuliza. Mgeni Rasmi alinisifu baadaye, akasema ni chai yenye heshima."

Wanawake wale wakatazamana. Kimya akainuka kwenye gunia.

"Basi andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Andika waende."

Ofisi ya Karani ilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu, madirisha yamezibwa kwa masanduku ya vipeperushi vya "Sema Hapana." Karani alichapa. Mama Mpishi alisimama mlangoni na upawa. Kimya alisimama nyuma ya kiti, akitaja: mtaa, kona, kiwanda, rangi ya geti.

"Niiiteje shughuli yenyewe?"

"Iite uokoaji," akasema Mama Mpishi.

"Wataogopa, mama. Watauliza usalama wao. Tuite 'Igizo la Vitendo katika Mazingira Halisi.' Hilo watalipenda."

"Eh! Shule unayo wewe."

Mashine ya kuchapia ilimeza karatasi ya kwanza ikaitafuna. Ya pili ikaikunja. Ya tatu ilitoka, nyeupe, safi, bado ya moto. Zikafuata nakala za meza kuu. Kila moja Karani akaipiga muhuri wa Kituo, kisha chini yake muhuri mwingine uliosema TOLEO LILILOREKEBISHWA. Muhuri huo wa pili ulikuwa mezani miaka miwili na haujawahi kutumika, maana mambo ya Kituo hayakuwahi kurekebishwa.

Saa saba na dakika nane.

Mama Mpishi aliingia ukumbini na sinia la maji ya kunywa. Chini ya kila glasi ya meza kuu aliweka ratiba mpya, akaondoka na ya zamani kana kwamba anafuta meza. Ya Mshereheshaji alimtia mkononi mwenyewe.

"Hii ndiyo ya sasa, mwanangu. Usome yote, usiruke."

Mshereheshaji hakuwahi maishani mwake kuruka kitu kilichoandikwa.

"Mabibi na mabwana! Saa saba na robo, kama tunavyosoma, wageni wote, wakitanguliwa na Mgeni Rasmi na Afande, wataelekea kwa magari kwenye Igizo la Vitendo katika Mazingira Halisi! Geti la bluu, nyuma ya kiwanda cha magodoro!"

Mkurugenzi alishtuka, akainua glasi, akaisoma ile karatasi. Akaona muhuri. Akaona muhuri wa pili. Uso wake ukatulia.

"Ndiyo, ndiyo," alimwambia Mgeni Rasmi. "Hili nilisisitiza mwenyewe. Nilisema tusiishie kwenye jukwaa."

"Mimi sikuarifiwa," akasema Afande, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Eneo lile halijakaguliwa. Siwezi kuruhusu."

"Afande," akasema Mgeni Rasmi, akiinuka na tumbo lake, "karatasi ina mihuri miwili. Gari lako si ndilo la msafara?"

"Ndilo, mheshimiwa, lakini mafuta..."

"Mafuta ni ya msafara. Na msafara ndio huu. Twende!"

Waliopata nafasi kwenye magari wakatoka. Magari kumi na moja, na la kumi na mbili basi la Kituo, lililoandikwa ubavuni kwa herufi za njano TUNARUDISHA UTU. Ndani yake alipanda Kimya, akapanda Mama Mpishi bado na aproni. Karani alibaki kulinda mashine yake, akiomba dua zote alizozikumbuka.

Saa saba na dakika arobaini waliliona geti.

Lilikuwa wazi. Uani kulikuwa na gari dogo la abiria, vioo vyeusi, injini inanguruma. Na mbele ya gari alisimama Shangazi.

Msidhani alikuwa na pembe. Shangazi alikuwa mama wa makamo, mnene wa kuvutia, sweta la kufumwa, miwani imening'inia shingoni kwa uzi wa shanga. Mtu ungempa mtoto wako amshike ufunge kamba ya kiatu. Wengi walimpa. Hawakurudishiwa.

Alipoyaona magari kumi na mawili yanaingia kwa mstari, polisi mbele, rangi ilimtoka usoni. Miguu yake ilitaka kukimbia, lakini haikujua upande.

Mgeni Rasmi alishuka, akamwendea mkono mbele.

"Hongera sana, mama! Hongera! Wewe ndiye unayeigiza mwovu?"

Shangazi alitazama kipaza sauti mkononi mwa Mshereheshaji. Akamtazama mwandishi wa gazeti anayepiga picha. Akamtazama Mkurugenzi na beji zake. Mwanamke huyu hakuishi miaka kumi na tano kwenye kazi ile kwa kuwa mzito wa akili.

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema kwa unyenyekevu. "Tunajitahidi."

"Na umevaa vizuri! Kama shangazi wa mtu kabisa!"

"Tunaangalia mazingira, mheshimiwa."

Walitoka wasichana kutoka ndani, mmoja mmoja, kandambili miguuni, wakifumba macho kwa jua. Walikuwa wanane. Mmoja alikuwa na kanga amejifunga begani kwa kuwa gauni lilikuwa limechanika. Walisimama ukutani wenyewe, bila kuambiwa, kama watu waliozoea kupangwa.

"Angalieni macho yale," Mkurugenzi aliwanong'oneza wageni. "Ule uchovu wameutengeneza kwa rangi gani?"

"Kazi nzuri," wakasema wageni. "Kazi nzuri mno."

Msichana wa mwisho alimtazama Mkurugenzi usoni, akaanza kusema kitu. Wakampigia makofi. Akanyamaza.

Mama Mpishi hakupiga makofi. Yeye alikuwa na mazoea ya jikoni, ya kutazama sufuria nne kwa pamoja. Kwa jicho moja alimwona Shangazi. Kwa jicho jingine alimwona Afande.

Mlango wa nyumba ile ulikuwa mfupi. Mshereheshaji aliingia, akagonga paji la uso, akasema "Uwii!" Mwandishi aliingia, akagonga. Mgeni Rasmi aliingia, akagonga mara mbili. Afande, ambaye ndiye mrefu kuliko wote, aliinamisha kichwa kabla ya kufika mlangoni, huku akiangalia simu yake.

Na ndani, gizani, Mshereheshaji aliuliza, "Swichi iko wapi?" Mkono wa Afande ukaenda nyuma ya pazia, ukawasha taa.

Mama Mpishi, aliyekuwa kizingitini, aliutazama mkono ule mpaka ulipotoka nyuma ya pazia.

Kimya hakuyaona hayo. Alikuwa amewahesabu wasichana. Wanane. Mdogo wake hayumo.

Alilikimbilia lile gari la vioo vyeusi, akavuta mlango. Kiti cha nyuma kabisa, kati ya mabegi mawili, alikaa msichana wa miaka kumi na sita, magoti kifuani.

"Mdogo wangu! Shuka! Haraka!"

Msichana hakushuka. Alisogea mbali zaidi, mpaka kwenye kioo.

"Usinishike!"

"Ni mimi!"

"Najua ni wewe. Wewe ndiye uliyeniita huku." Sauti yake ilikuwa ndogo na ngumu. "Walikuja nyumbani na kitambaa chako cha kichwa. Wakasema dada yako anafanya kazi nzuri, anakuita. Nilimuaga mama nacheka, dada. Nilipanda gari nacheka. Kumbe wewe umekaa huko unakula, umenitoa mimi!"

Kile kitambaa Kimya alikiacha kwenye kamba ya nguo kwa Shangazi usiku aliotoroka.

Saa saba na dakika hamsini na mbili. Dereva wa gari lile, aliyekuwa akivuta sigara nyuma ya nyumba, alisikika akikohoa, akirudi.

"Walikuitaje?" akauliza Kimya.

"Nini?"

"Waliposema dada yako anakuita, walikuita kwa jina gani?"

Mdogo wake alikunja uso. "La shuleni."

"Na mimi tangu uzaliwe nimewahi kukuita la shuleni? Hata siku moja? Hata nilipokuchapa uliponivunjia kioo?"

Msichana alimtazama. Midomo yake ilisogea, ikilitafuta lile jina jingine, la nyumbani, ambalo watu wanne tu duniani walikuwa wakilitumia. Kimya alilisema, polepole, sikioni mwake.

Yule mtoto akaanguka mikononi mwa dada yake kama nguo iliyokatika kamba.

"Na sasa!" ilisikika sauti kutoka uani. "Kama tunavyosoma! Mgeni Rasmi atawaongoza wasichana wote, pamoja na yule aliyemo ndani ya gari, kupanda basi la Kituo!"

"Hapana!" Shangazi alifoka, na kwa mara ya kwanza alisahau kutabasamu. "Hawa ni wasichana wangu! Hakuna anayepanda kitu! Mnajua mimi ni nani?"

"Bado anaigiza!" akashangilia Mgeni Rasmi. "Huyu mama apewe tuzo!"

Akamshika mkono msichana wa kwanza, kwa upole wa mtu anayepigwa picha, akampandisha. Wa pili. Wa tatu. Wasichana walitazamana. Mama Mpishi alikuwa kwenye ngazi ya basi, akiwapokea kwa mikono miwili, na kila aliyefika alimnong'oneza neno lile lile:

"Ni kweli. Ingia. Ni kweli."

Wanane. Kisha Kimya na mdogo wake, wameshikana viuno. Dereva wa gari la vioo vyeusi alitokea, akaona polisi na kamera, akageuka akarudi kuvuta sigara nyingine mbali zaidi, ng'ambo ya ukuta.

"Na mwisho kabisa," akasoma Mshereheshaji, "Afande atamtia mbaroni mhusika mwovu! Baada ya hapo, wageni kurejea ukumbini kwa chakula!"

Wote wakamgeukia Afande.

Jasho lilikuwa limemchora ramani kwenye shati. Alipapasa kiunoni. "Pingu... funguo zake zimebaki ofisini."

"Si lazima pingu!" akasema Mkurugenzi. "Mshike tu kiwiko, mwandishi apige picha!"

Afande alimshika Shangazi kiwiko. Mwandishi akapiga. Shangazi alimtazama Afande kwa jicho ambalo mke humtazama nalo mume mbele ya wageni, yaani tutaongea.

Akampeleka kwenye gari lake. Watu waliona amekamatwa. Mama Mpishi, kutoka dirishani mwa basi, aliona kwamba mlango uliofunguliwa ulikuwa wa mbele, si wa nyuma. Akaona Afande anainama na kumfungia mkanda wa kiti. Akaona anamwekea vizuri ule uzi wa shanga usibanwe.

"Mwandishi!" aliita Mama Mpishi. "We, kaka wa kamera! Njoo huku!"

Lakini mwandishi alikuwa amesikia neno "chakula," na gari alilokuja nalo lilikuwa linaondoka. Magari kumi yalitimua vumbi kwa mara moja. Getini lilibaki la Afande, na basi.

Afande alikuja mpaka dirisha la dereva wa basi. Sauti yake ilikuwa imerudi, laini, yenye amri ndani.

"Mzee, njia kubwa ina foleni. Nitakutangulia mimi. Unifuate nyuma, usiniache, usisimame popote."

"Sawa, Afande."

Basi likaondoka. Ndani msichana mmoja alianza kulia kwa sauti, halafu mwingine akacheka, halafu wakawa hawajui wanalia au wanacheka. Kimya alimlaza mdogo wake begani. Kwa mara ya kwanza tangu atoroke alifumba macho.

Walifika njia panda ya kiwanda cha magodoro. Kituo kiko kulia. Hata mtoto anayekaa mji ule anajua kwamba kiko kulia.

Gari la Afande likakata kushoto.

Basi nalo likakata kushoto.

"Dereva!" Mama Mpishi aliinuka. "Unakwenda wapi wewe?"

"Namfuata Afande, mama. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Huku si kwetu!"

"Mimi sijui kwetu wala kwenu. Mimi nafuata gari la mbele. Kaa chini, utaanguka."

Barabara ya lami iliisha. Nyumba zikapungua, kisha zikaisha nazo. Mdogo wake Kimya aliinua kichwa, akatazama nje: nguzo za umeme zisizo na nyaya, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, bango lililong'olewa herufi.

Kucha zake zikazama mkononi mwa dada yake.

"Dada. Huku nakujua. Ndipo waliponileta kwanza, kabla ya kwa Shangazi. Pale mbele, baada ya ukuta, kuna watu wanasubiri."

Kimya alifumbua macho. Gari la Afande lilikuwa linapunguza mwendo, taa za nyuma zimewaka nyekundu.

"Baba," alimwambia dereva kwa adabu, "simamisha basi."

"Nimekwambia sisimami bila amri ya..."

Hakumngoja amalize. Alipita juu ya viti, juu ya miguu ya wenzake, mpaka mbele. Breki ya mkono ilikuwa pale, kati ya kiti cha dereva na injini, chuma kirefu kilichochakaa kwenye mshiko.

Msichana wa wiki tatu za kimya alikishika kwa mikono yote miwili, akageuza uso kwa wenzake kumi nyuma yake.

"Shikeni vyuma!" akapiga kelele. "Na safari hii mtu asipige makofi!"